Mhudumu ni mpole na mama anampenda, lakini mama ana kidonda

SWALI

Mama mshauri, assalaam alaykum na shikamoo.

Mimi ni binti wa Lamu, mtaa wa Mkomani, ninayefanya kazi Mombasa. Nakuandikia kuhusu mamangu, ambaye mwaka jana alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumpunguzia maneno, hata sasa anachoweza kutamka vizuri ni majina yetu wanawe na dua chache tu. Umri wake umepita miaka 70 na ana presha ya siku nyingi. Anakaa ghorofani katika nyumba yetu ya zamani, na kaka yangu na mkewe wanakaa chini. Wifi yangu ana watoto wadogo, na kaka hawezi kumwogesha mama, kwa hiyo tulikubaliana sisi ndugu tuchange mshahara tumwajiri mhudumu. Tulimpata kupitia kwa wakala mmoja aliyetuhakikishia kwamba msichana huyo ni nesi.

Kwa tabia sina la kumlaumu. Ni mpole, ana adabu, hasemi na mama kwa sauti ya juu, na mama mwenyewe hutabasamu akimwona akiingia chumbani. Lakini nilipokuja nyumbani kwa Idd nilimbadilisha mama nguo kwa mikono yangu, nikaona juu ya mfupa wa kitako alama nyekundu pana, na katikati yake ngozi imechubuka na kuwa mbichi. Mhudumu aliniambia kwamba ni joto, na kwamba kila jioni huisugua kwa mafuta ya nazi kisha akaitia poda. Niliona pia kwamba mama analala mno, hata chakula cha mchana kinamkuta usingizini, na karibu na kitanda kulikuwa na chupa ya dawa ya maji ya mafua ilhali mama hana mafua. Nilipouliza niliambiwa kwamba humsaidia kulala. Jambo jingine ni bega la kulia: mama hulia anapovalishwa, na nilimwona mhudumu akimwinua kitandani kwa kuuvuta mkono ule ule uliopooza.

Nilipomhoji alilia. Akasema tangu aajiriwe hajapata siku ya kupumzika, na kwamba usiku kucha huamka peke yake.

Sasa nyumba imegawanyika. Khaleti yangu, dadake mama, anataka mhudumu afukuzwe kabla ya Ijumaa. Kaka anasema tukimwondoa hatutapata mwingine, na kwamba kidonda kidogo si ajabu kwa mtu anayelala mchana kutwa. Jirani ametushauri tufiche kamera chumbani. Mimi nafikiria kumchukua mama Mombasa, ingawa ninakaa ghorofa ya nne, natoka asubuhi na kurudi magharibi. Je, haya ni mateso au ni kutojua? Na tufanye lipi?

Binti wa Mkomani


JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Marahaba. Mwenyezi Mungu amponye mama na akulipe kwa kumbadilisha nguo mwenyewe, kwa maana bila hivyo kidonda hicho kingeendelea kufunikwa poda.

Nitaanza na kidonda, na suala la kumfukuza mtu litangoja, kwa sababu kidonda hakisubiri kikao cha familia. Ulichokiona si joto. Ni kidonda cha kulalia, kinachotokea pale ambapo mfupa na godoro vinaibana ngozi kwa muda mrefu hata damu isipite. Dalili ya kwanza ni doa lisilofifia ukilibonyeza kwa kidole, na kwa ngozi nyeusi huenda usione wekundu kabisa, bali weusi uliozidi au rangi ya zambarau, au mahali penye ujotojoto na ugumu kuliko pengine. Mamako amekwisha kuipita hatua hiyo, kwani ngozi imefunguka. Basi mwite kaka yako leo, umwambie amlete muuguzi nyumbani au ampeleke mama Hospitali ya King Fahd, kidonda kipimwe, kisafishwe na kifungwe na mtu aliyesomea kazi hiyo, naye awafundishe namna ya kukibadilishia bendeji. Kikianza kunuka au kutoa usaha, kikiwa na weusi ndani, au mama akipata homa, asilale nyumbani usiku huo. Vichochoro vyetu havipitishi gari, na ngazi za nyumba za zamani ni nyembamba na zimesimama wima, kwa hiyo mjue tangu sasa ni vijana gani watakaomteremsha na watatumia machela ipi, badala ya kuanza kutafutana saa nane za usiku.

Kusugua kukome leo. Najua mafuta ya nazi ni dawa ya mengi katika nyumba zetu, na msichana huyo huenda alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, lakini nyama iliyo chini ya ngozi hiyo imekwisha kuumia, na kuisugua kunazidi kuirarua. Poda nayo hugandamana na jasho ikawa chembe zinazokwaruza. Kinachotibu ni kuliondoa pale shinikizo: mama ageuzwe angalau kila baada ya saa 2 anapokuwa kitandani, usiku na mchana, alazwe kwa kuinamishwa kidogo upande huku mto ukimwegemeza mgongoni, wala asilazwe wima juu ya mfupa wa nyonga, maana nyonga nayo itafanya kidonda chake. Mto mwingine uwekwe chini ya miguu, kati ya goti na kisigino, ili visigino vielee bila kugusa godoro. Akiwa kitini asogezwe mara nyingi zaidi, kwa sababu uzito wote huwa umekaa mahali pamoja. Msinunue mpira wa duara wenye tundu katikati, kwani kingo zake hubana damu pembeni mwa kidonda. Liangalieni na godoro lenyewe: magodoro ya pamba yaliyokwisha kukaa miaka mingi huwa yamezama katikati na kuwa magumu kama ubao, na mchango mnaoutoa hauwezi kupata matumizi bora kuliko godoro jipya la sponji nene au la hewa. Pampasi ibadilishwe mara tu inapolowa. Mama apate samaki, mayai, maziwa au maharagwe kila siku, kwa sababu ngozi haijengwi kwa uji mtupu.

Sasa ile chupa. Hapa nitasema bila kuzunguka: hiyo ni hatari zaidi kuliko mnavyodhani, na ndiyo inayofungamana na kidonda. Dawa nyingi za mafua zinazoleta usingizi humchanganya mzee akili, humkausha kinywa, humfungia choo na hata mkojo, na humwangusha akijaribu kusimama. Mtu aliyepewa dawa ya kumlaza hajigeuzi hata kwa ule upande wake wenye nguvu, wala halalamiki anapoumia, kwa hiyo kinachoonekana kuwa ni utulivu wa usiku huenda ndicho kinachoitoboa ngozi yake. Zaidi ya hayo, waliopatwa na kiharusi wengi hupata shida ya kumeza. Akilishwa huku anasinzia atapaliwa, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa wa namna hii. Chupa iondoke chumbani na ipelekwe kwa daktari pamoja na dawa zake nyingine zote, apate kujua mama amekuwa akipewa nini, kiasi gani na kwa muda gani. Dawa za presha msizikatize hata siku moja bila neno la daktari. Wala msiseme usingizi wote ni wa dawa: usingizi mpya kwa mgonjwa wa kiharusi unaweza pia kutokana na maambukizi au na kiharusi kingine, na hilo lataka kuchunguzwa.

Wakati wa kula, akae wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, tonge liwe dogo, aachiwe ameze kabla ya kupewa jingine, na mwisho shavu la upande wa kulia liangaliwe kama chakula kimebaki humo bila yeye kuhisi. Abaki amekaa nusu saa hivi kabla ya kulazwa. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, mwambieni daktari haraka.

Bega nalo lina maelezo yake. Misuli inayoushika mkono uliopooza imelegea, na kuuvuta kunaweza kuuchomoa kwenye tundu lake. Mama halilii nguo, analilia bega. Asiinuliwe kwa mkono wala kwa kwapa. Awekewe shuka iliyokunjwa chini ya kiwiliwili, na watu wawili, mmoja kila upande, wamsogeze kwa shuka hiyo. Katika kumvisha, uanze mkono uliopooza. Katika kumvua, uanze ule mzima. Mkono wake ulazwe juu ya mto kila anapokaa, usiachwe uning'inie. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuwafundisha haya yote kwa kuonyesha, nami ningependa wanaofundishwa wawe watatu: mhudumu, wifi yako na kaka yako.

Unaniuliza kama haya ni mateso au ni kutojua. Kwa maelezo yako, naona kutojua na kuchoka kupita kiasi. Sioni alama za vidole mkononi, wala uoga machoni pa mama anapoingia yule binti, wala fedha au vyakula vinavyopotea. Lakini sitaki upoe moyo kwa jibu hilo. Mwili wa mamako hautofautishi kati ya kidonda kilichotokana na ukatili na kilichotokana na upole usio na maarifa. Vyote vinauma sawa na vyote vinaweza kumwua. Kosa ambalo naliona katika nyumba nyingi za pwani ni kwamba tunampima mhudumu kwa adabu, swala na sauti yake ya chini, tukishamridhia tabia tunafunga mlango tukamwachia mgonjwa. Adabu ni sharti, nami singemruhusu asiye nayo amguse mzee. Hata hivyo, ubora wa huduma hukaguliwa kwenye mwili wa anayehudumiwa: ngozi ya kitako na visigino, kinywa, kucha, uzito, rangi ya mkojo, na kama yuko macho mchana. Kaka yako amekaa chini ya ngazi zile zile, na kama hakuna aliyemwambia nini cha kutazama, angejuaje?

Na mzigo wenyewe mmeupangaje? Mtu mmoja, usiku na mchana, siku 7 za wiki, anageuza, anaogesha, analisha, anafua na anaamka. Hakuna muuguzi hospitalini anayefanya zamu ya namna hiyo. Ukimnyima mtu usingizi kwa muda mrefu, siku moja atatafuta njia ya kumlaza mgonjwa ili naye alale, na chupa ile ndiyo njia aliyoiona. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na siku 21 za likizo yenye malipo baada ya kila mwaka wa kazi, na mkataba wa kazi inayofikia miezi 3 au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Hayo ni haki yake hata kama msingekuwa na kidonda nyumbani. Kwa upande wa mamako napo kuna haki: Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila dhuluma, na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na kwa Serikali. Katiba imeitaja familia kwanza, nayo familia haiwezi kuajiri mtu halafu ikajiondoa.

Kuhusu madai ya wakala kwamba binti huyo ni nesi, ulizeni jina lake kamili na nambari yake ya usajili, mkaithibitishe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo linalosajili wauguzi nchini. Kama hayumo, si nesi, ni mhudumu, nayo ni kazi ya heshima ila ina mipaka: haamui dawa, hachomi sindano, hatibu vidonda vilivyo wazi. Wakala aliyewaambia vinginevyo awajibishwe kwa maandishi. Aliyewadanganya ni yeye, na huenda msichana hata hakujua ametajwa kwa jina gani.

Khaleti yako ana uchungu wa dada yake, nami siwezi kumlaumu. Mwambie tu kwamba kumfukuza mtu kabla ya Ijumaa kutamwacha mama bila mtu wa kumgeuza Ijumaa hiyo hiyo, na kwamba sheria inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na amsikilize kabla ya kumwachisha. Rai yangu ni kwamba abaki, kwa masharti. Afundishwe mbele yenu, na aonyeshe kwamba ameweza. Asimpe mama dawa yoyote isiyoandikwa na daktari. Apumzike siku yake. Na usiku mwingine mmoja wenu alale pale. Muuguzi atakapokiangalia kidonda tena, hali yake ndiyo itakayowajibu. Kikizidi ilhali mama anageuzwa kwa zamu, daktari atafute sababu nyingine. Kikizidi kwa kuwa hageuzwi, huyo binti muagane naye kwa wema na mlipe anachodai. Lakini mkigundua amempiga, amemfunga, amemnyima chakula kwa kusudi au amerudia kumpa dawa ya usingizi, hapo hakuna muhula: aondoke chumbani saa ile ile, na mpige ripoti polisi.

Ile kamera ya siri siiafiki. Chumba hicho ndimo mamako anamovuliwa nguo na kuogeshwa, na picha zikishaingia katika simu ya mtu hakuna ajuaye zitaishia wapi. Faragha inalindwa na Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha kama hizo. Isitoshe, kamera haimgeuzi mgonjwa. Mtu wa nyumbani anayepanda ngazi bila taarifa, mara alasiri, mara baada ya isha, anaona zaidi na anaweza kushika upande mmoja wa shuka.

Jambo ambalo barua yako haikuligusa ni kauli ya mama. Kiharusi kinachopooza upande wa kulia mara nyingi huathiri sehemu ya ubongo inayoongoza usemi, na mtu akaelewa mengi kuliko awezavyo kujibu. Kaeni naye mkiwa peke yenu, mhudumu akiwa nje, umuulize swali moja moja la ndiyo au siyo, umwache ajibu kwa kichwa au kwa kubana mkono wa kushoto, na umpe muda mrefu bila kumjazia maneno. Unaumia? Wapi? Akikuosha anakufunika? Unataka aendelee? Muulize pia kuhusu swala, kwa sababu wazee wengi huona haya kusema kwamba wanakaa bila twahara, yaani usafi wa kuswalia. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa au amelala, na kutayamamu ikiwa maji yanamdhuru. Katika kuogeshwa afunikwe kanga na kufunuliwa sehemu inayooshwa tu, maji yajaribiwe kwa kiwiko kwanza kwa kuwa upande uliopooza hauhisi joto sawasawa, uso uoshwe mwanzo, na sehemu za siri mwisho kwa kitambaa cha peke yake, kutoka mbele kwenda nyuma.

Kumhamishia Mombasa, kwa sasa hapana. Ungemtoa penye majirani na dada yake ukamweka ghorofa ya nne na mhudumu mgeni, nawe hupo kutwa nzima.

Kilichobaki ni kugawana kazi. Kaka hamwogeshi mama, sawa, lakini kumgeuza akiwa amefunikwa shuka si kazi ya mwanamke peke yake, na usiku anaweza kushika zamu yake. Wifi yako apande mara moja kwa siku kuangalia ngozi. Khaleti, kwa uchungu alio nao, achukue ile siku ya mapumziko ya mhudumu. Nunueni daftari moja la kawaida likae kando ya kitanda, iandikwe humo kila saa aliyogeuzwa na upande, alichokula, dawa alizomeza na nani aliyempa, choo na mkojo, na chochote kigeni kilichoonekana. Ukurasa upigwe picha na utumiwe wewe kila jioni. Muulizeni pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu, kwa maana tangu mwaka 2023 Serikali imewapa wengi wao vifaa vya kupimia presha na sukari nyumbani, na kupita kwake humo kutampa mhudumu mtu wa kumuuliza anapokwama.

Ukipata majibu ya muuguzi kuhusu kidonda, na ya daktari kuhusu usingizi, niandikie tena unieleze na mama mwenyewe amejibu nini kuhusu binti huyo.